Nyumba Isiyo na Ndani

1

Ukuta ndio ulioniambia kwamba mama amefariki.

Nilikuwa nakoroga uji wake. Sauti ikatoka juu ya jiko, ile ile laini wanayoitumia kutangaza kwamba maji yamechemka, ikasema, "Pole, Somoe. Moyo wa Bi Mwanashee umesimama. Ofisi imeshaarifiwa."

Nikageuka. Kabla sijamfikia mama, kizuizi kilichotenga kitanda chake na jiko kilianza kuyeyuka. Kiliporomoka taratibu kama sukari iliyolowa, chembe zikatiririka sakafuni na kurudi kwenye kuta za pembeni, na nyumba yote ikawa chumba kimoja, kipana, cheupe. Haukuwa weupe wa chokaa. Ulikuwa weupe ambao watu fulani walikaa mezani wakauchagua kuwa rangi ya msiba.

"Tumewaandalia nafasi ya waombolezaji," ukuta ukasema.

Nikauambia unyamaze. Ukanyamaza. Lakini kunyamaza si kufumba macho.

Kuta za Mji wa Juu zimetengenezwa kwa chembe ndogo kuliko punje za mchanga. Umeme ukipita ndani yake, zinashikana na kuwa chochote unachotaka: kitanda, rafu, mlango, chumba cha mgeni. Ukishamaliza nacho, kinalala. Na ili chembe zijue zisimame wapi zisimbane mtu, kila moja imepewa jicho, na jicho hilo linamwona mtu gizani, chini ya shuka, ndani ya nguo zake. Kitu pekee linachoshindwa kukipenya ni mwili wa mtu. Linachokiona linakipeleka kwa Makazi Laini, kampuni iliyotujengea, ili waboreshe huduma. Ndivyo walivyosema. Sote tulitia saini wiki ile bahari ilipoimeza Shungwi, mji wetu, tukapandishwa huku. Mtu aliyebeba godoro kichwani hasomi mkataba.

Siku ya kwanza mama alisimama katikati ya nyumba hii, akazunguka mara moja, akamwuliza kijana wa kampuni, "Ndani ni wapi?"

"Yote ni ndani, bibi."

"Basi yote ni nje," mama akasema, akakaa juu ya mzigo wake, na hakuufungua mpaka kesho yake.

Nilimfumba macho. Nikamfunga kidevu kwa kitambaa, nikamnyoosha miguu ikiwa bado laini. Nilifanya yote hayo nikiwa nimekaza meno, maana kila nilipoinama juu yake mwanga wa ukuta uliniongezeka mgongoni, wenyewe, ili nione vizuri. Sikuuomba.

2

Bi Mwanatumu alikuja kabla ya saa nne, na Zeyana, binti wa mama mdogo, akija nyuma yake na ndoo, kafuri na majani ya mkunazi. Bi Mwanatumu ndiye anayeosha wanawake wetu. Ni mnene, mcheshi, mtu wa kutania hata matangani. Siku ile alisimama mlangoni akazitazama kuta, halafu akaweka mfuko wake chini nje, kwenye ujia.

"Mimi Mwanashee simwoshi hapa."

"Hatuna pengine, Bi Mwanatumu."

"Msikitini je?"

"Msikiti nao ni chembe. Chumba cha kuoshea pia. Na sheria yao, mwili hautoki nyumbani ila umeshakafiniwa."

"Alinishika mkono huu hapa," akasema, akaunyanyua, "akaniapisha. Akasema, Mwanatumu, mimi nina kovu ambalo mume wangu mwenyewe alilijua kwa kulipapasa. Usikubali nife nikaonyeshwa. Sasa unataka nimwone mwenzangu ahera nimwambie nini? Kwamba lifti ilikuwa mbovu?"

Zeyana alicheka, kisha akalia.

Hapo akaingia Lali, mdogo wangu, bado na shati la kijani la Makazi Laini. Ni mchoraji wao wa ramani. Alimwendea mama, akapiga magoti, akakaa naye kidogo. Aliposimama uso wake ulikuwa umelowa, nami nikamwonea huruma mpaka alipofungua mdomo.

"Dada, picha za msiba zinafungiwa. Hakuna anayezitazama."

"Nani anazifunga?"

"Mfumo."

"Na anayezifungua?"

Akaanza kukunja mkono wa shati lake.

"Nakuuliza wewe, Lali. Mfunguzi ni nani?"

"Ni watu wa kuboresha," akasema. "Lakini wanatazama vipimo tu, dada. Hawamtazami mtu."

"Kaa kimya," Bi Mwanatumu akamwambia, tena kwa upole. "Kaa kimya kabla hujalaaniwa na watu wazima."

Nyumba yetu ya Shungwi ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na kuta zake zilikuwa nene kuliko urefu wa mkono wangu. Mgeni aliishia barazani, dakani, pale mlangoni penye viti vya mawe. Jamaa wa mbali alifika msana wa mbele, ukumbi wa kwanza. Shangazi na mama wadogo walipita mpaka msana wa nyuma. Mwisho kabisa, penye giza na baridi, palikuwa na chumba tulichokiita ndani. Hapakuwa na dirisha. Humo nilizaliwa mimi, humo akazaliwa Lali, humo akaoshwa bibi. Sakafuni palikuwa na shimo lililofunikwa kwa jiwe, maji ya maiti yakiingia humo yananywewa na ardhi, asiyaone mtu yakipita. Kadiri ulivyoruhusiwa kuingia ndivyo ulivyokuwa wa karibu. Nyumba ilimjua kila mtu na mahali pake, na haikuwa na jicho hata moja.

Na kampuni inajidai kwamba imetuhifadhia hayo. Wanao mtindo wao wanaouita wa Shungwi: ukitaka, ukuta unajichora zidaka, vile vishubaka vyetu vya ukutani, safu juu ya safu, na nakshi zote, mpaka kivuli cha ndani ya kila kidaka. Mama alipouona mara ya kwanza alifurahi kama mtoto. Akachukua kikombe chake cha kaure, kilichotoka kwa bibi yake, akakiweka kidakani. Kidaka kilikuwa picha tu. Kikombe kikaanguka kikavunjika. Ukuta ukaomba radhi, ukaahidi kujifunza, na kesho yake kidaka kikawa cha kweli. Mama akaweka msahafu wake. Usiku ukuta ukajipanga upya, asubuhi msahafu tukaukuta umelala chini karibu na choo. Hakusema neno siku nzima. Jioni akaniambia, "Somoe, hawa wameona vishimo. Hawajaona kwamba vishimo vina kazi."

Nikamwambia Lali, "Wewe ndiye uliyekwenda kuipima nyumba yetu kabla haijazama. Uliingia kila chumba na mashine yako. Kwa nini ndani hamkuiweka katika nyumba hizi?"

"Niliandika kama nilivyojua."

"Ulijuaje?"

"Niliandika stoo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Chumba hakina dirisha, dada. Tangu nipate akili sikuruhusiwa kuvuka msana wa nyuma. Nikija namkuta mama ameshatoka, mnaongea, mnakuja kunipokea. Nilidhani mnaweka magunia. Wakaniuliza, familia inahitaji stoo? Nikasema hapana, kuta zitameza vitu zenyewe."

Ningeweza kumpiga. Mwiko wa uji ulikuwa pale jikoni, karibu na mkono wangu. Lakini alikuwa anasema kweli. Sisi wenyewe tulimfungia mlango, kwa heshima, kama kila mtoto wa kiume alivyofungiwa, halafu dunia ikamtuma yeye aende kuwaeleza wengine nyuma ya mlango ule kuna nini. Sisi tuliozaliwa, tuliozaa na tulioosha mle ndani, hakuna aliyetuuliza hata neno moja.

"Zima," nikamwambia.

"Nini?"

"Zima kuta."

3

Kuta hazizimwi kwa kuambiwa. Katika kila ujia upo mpini mwekundu, ndani ya kisanduku, uliowekwa kwa ajili ya wazima moto. Ukiushusha, umeme unakatika kwenye mshipa, yaani waya unaolisha nyumba za hapo. Lakini ni lazima uushikilie. Mpini unataka kiganja cha mtu, chenye joto la mtu. Ukiufunga kwa kamba unajirudisha, ukiuachia unajirudisha.

"Ukikata, chembe zote zinalala chini," Lali akasema. "Hakutakuwa na macho, lakini hamtakuwa na ukuta pia. Nyumba nzima itabaki nguzo na dari. Na mshipa wetu ni mmoja na wa Mzee Bwanaheri."

Sote tunamjua Mzee Bwanaheri, jirani yetu wa ukuta mmoja. Alikuwa refa wa mpira zamani, mkali, mwenye matusi mazuri. Mapafu yake yamekwisha. Ukuta wa chumba chake ndio unaomvutia pumzi: chembe zimemvaa kifua kama fulana, zinabana, zinaachia, mchana na usiku. Umeme ukikatika, upo mvukuto wa mpira ndani ya boksi karibu na kitanda chake, wa kusukumwa kwa mkono, wenye kifuniko cha pua na mdomo. Kampuni inatakiwa kuukagua.

Nikaenda kumwomba. Sikujua nitaanzaje, lakini alikuwa ameshasikia. Kuta zile zinaona vyema kuliko zinavyozuia sauti.

"Kata," akasema nilipoingia. Anaongea maneno machache, halafu anangoja kifua kibanwe.

"Mzee, tafadhali, fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Nimepuliza filimbi... maisha yangu yote. Leo nipulizeni mimi."

"Mvukuto ukigoma?"

"Nitakufa. Nitamkuta mama yako huko... atanitukana kwa nini... nilimwacha aonyeshwe." Alipumzika. "Mwanashee alikuwa akiniletea mkate wa mofa. Wewe hujawahi... hata mara moja."

"Nitakuletea."

"Mwongo."

Lali alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mzee akikubali haimaanishi ni halali," akasema. "Dada, tunaweza kumwua mtu. Mtu hai, kwa ajili ya—" Akaishia hapo.

"Malizia."

"Kwa ajili ya mtu ambaye haoni tena aibu."

Nilimtazama sana. Maneno yake yalinichoma. Alikuwa na haki, nami nilikuwa na haki. Shungwi tusingekuwa na mabishano haya. Jirani angevuta pumzi zake kwake, mama angeoshwa kwetu, na baina yao kuna jiwe. Aliyeamua kwamba pumzi ya mzee na sitara ya mama zipite kwenye waya mmoja hakuwa mimi. Alikuwa mtu aliyetaka kupunguza nyaya.

"Aibu ni yetu sisi tulio hai," nikamwambia. "Wewe utasukuma mvukuto. Utakaa umempa mama mgongo. Bi Mwanatumu na Zeyana wataosha. Mpini nitaushika mimi."

"Wewe ndiye binti," Bi Mwanatumu akasema kutoka mlangoni. "Mkono wa kwanza wa maji ni wako."

"Tuite nani mwingine? Jirani gani hataita ofisi?"

Hakupinga. Alinishika tu shingo nyuma, akaiminya kidogo, kama mtu anayepima embe, akaenda zake kuchanganya maji.

4

Niliushusha mpini.

Nilisikia kitu kama gunia la mchele likimwagwa, kikaendelea kwa muda, halafu kimya. Mlango wetu haukuwapo tena. Nilikuwa ujiani, uso kwenye zege, mkono juu ya chuma. Kama ningetupa jicho pembeni ningeona nyumba mbili zimekuwa uwanja mmoja, mchanga wa kijivu umefunika sakafu, Mzee Bwanaheri upande ule na mama yangu upande huu. Sikutupa jicho.

"Mzee, geukia upande wa pili," nikamsikia Bi Mwanatumu.

"Ameshageuka," Lali akajibu. "Mimi pia."

Kisha mvukuto ukaanza. Fuu, kimya. Fuu, kimya. Na chini yake, maji.

Ujia una umeme wake, na ujia ukaanza kusema nami. "Somoe, umeshikilia kizimio cha dharura. Hakuna moto. Kuna mgonjwa kwenye mshipa huu. Tafadhali achia."

"Najua."

"Unahatarisha maisha ya mtu."

"Najua," nikasema. "Na nyinyi mlijua mlipochora."

Ukarudia yale yale. Nikaacha kuujibu. Nilisikiliza maji. Nilijua kwa sauti wako wapi: maji ya mkunazi yana uzito, yanamwagika kwa pamoja, upande wa kulia, halafu Zeyana akaguna wakimgeuza, halafu upande wa kushoto. Mkono wangu ulikufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa na hasira nzuri, safi, iliyonisimamisha wima. Nilifikiri, tunaweza. Nilifikiri, leo hawatapata kitu.

Mvukuto ukakatika.

Haukupungua, ulikatika, na sauti ya kitu kilichochanika. Nikamsikia Lali anasema neno baya. Halafu, "Mpira umepasuka. Dada, mpira umepasuka wote, umeoza."

"Ziba kwa mkono."

"Hauzibiki."

"Mdomo, Lali. Mpulize kwa mdomo."

Nikamsikia akijaribu, akipuliza na kukohoa. Nikamsikia mzee akikoroma kwa kifua ambacho peke yake hakiwezi kujifungua. "Haingii," Lali akasema, na sasa alikuwa analia. "Haingii, kifua kimeganda. Somoe."

Hakuniambia achia. Bi Mwanatumu hakusema achia wala shikilia. Maji yalikuwa yamesimama. Walikuwa wamefikia maji ya pili, ya mwisho yenye kafuri bado, na mama yuko juu ya ubao, amelowa, kama alivyozaliwa, chini ya kitambaa ambacho kwa macho yale si kitu.

Niliinua mkono.

Leo ningeinua tena, na kesho. Mtu akiniuliza kama nilikosea nitamjibu hapana. Lakini asiniambie nilichagua. Mtu akikuwekea mama yako upande mmoja na jirani yako upande mwingine, akakupa mpini, huyo hajakupa uchaguzi. Ametumia mkono wako kufanya kazi yake.

Mchanga ukaamka. Niliuona ukitambaa sakafuni na kupanda, nami nikakimbia ndani kabla mlango haujasimama.

Bi Mwanatumu alikuwa amemlalia mama. Amejitandaza juu yake kifua kwa kifua, buibui lake limelowa, mikono yake minene imemkumbatia kichwa. Zeyana amejilaza kwenye tumbo na mapaja. Alinitazama kwa jicho moja tu, hakuthubutu kunyanyua uso.

"Miguu," akasema. "Njoo chukua miguu."

Nikamlalia mama miguuni. Ilikuwa baridi na ilinukia mkunazi. Kuta zilipanda pande zote mpaka darini, zikawa nyeupe, na mwanga ukatuongezeka.

Upande wa pili kifua cha Mzee Bwanaheri kilianza kubanwa na kuachiwa. Kisha sauti yake ikatufikia, nyembamba, imejaa ghadhabu. "Nani... kakwambia uachie?"

"Vuta pumzi, mzee," nikamjibu.

"Nilikwambia kata."

"Vuta pumzi ukae kimya," nikasema. Nilikuwa nimebandika shavu kwenye muundi wa mama.

"Tumetambua watu watatu wameanguka," ukuta ukasema. "Je, tuite msaada?"

Tukazidi kujibana juu ya mama.

"Tumetambua mnahitaji faragha. Tunaweza kuwatengenezea chumba kidogo kisicho na dirisha."

"Na macho?" Zeyana akauliza. "Humo mtakuwa na macho?"

"Kwa usalama wenu, ndiyo."

Bi Mwanatumu alicheka, cheko fupi la puani, mwili wake wote ukatikisika juu ya mwili wa mama. Halafu akaanza kupanga kazi. Akasema hatuondoki. Mmoja akinyanyuka, wawili wanasogea na kujaza pale alipotoka. Anayenyanyuka ndiye anayemimina, tena anamimina kupitia katikati yetu, maji yatapita wenyewe. Tutalowa. Kwani tumetengenezwa kwa chumvi?

Kutoka kwa mzee, Lali aliuliza afanye nini.

"Zuia wageni mlangoni," nikamwambia. "Simama. Ukuta wa kweli uwe wewe."

Zeyana akasogea chini kuchukua nafasi yangu, bega kwa bega, mpaka pasibaki upenyo. Nikajinyanyua. Mgongo wangu wote ulikuwa wazi kwa macho yale na sikujali. Wanitazame mimi, wapime watakavyo. Ndoo ya kafuri ilikuwa pale pale walipoiacha. Nilichota kwa kopo, nikasimama juu yao, wanawake wawili waliolowa juu ya mmoja.

"Kulia kwanza," Bi Mwanatumu akasema, uso wake umezama shingoni mwa mama. "Mimina, binti."

Nikamimina.